Kamera ndani ya bega bandia: mwongozo kamili wa upasuaji wa matundu madogo baada ya bega kubadilishwa

Mgonjwa aliyebadilishiwa bega anarudi kliniki miezi minane baadaye. Mkono haupandi, au unamuuma usiku kuliko hata kabla ya upasuaji. Eksirei inaonyesha chuma kimekaa vizuri, na hakuna kingine. Hapo ndipo kamera nyembamba inayoingizwa begani kupitia tundu dogo inapopata kazi.

Mwongozo huu ni wa timu za upasuaji wa mifupa za Moshi na Arusha: daktari, mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mtu wa maabara na mtaalamu wa fiziotherapia. Mgonjwa na ndugu zake nao wakiusoma watajua cha kuuliza.

Jambo moja lishikwe kabla ya yote: kwenye bega bandia, matundu madogo ni njia ya kujua kwanza, kutibu baadaye. Daktari akiingia kulegeza bega tu na akatoka bila vinyama vya kupeleka maabara, ameacha nusu ya kazi ndani, na mara nyingi ndiyo nusu iliyokuwa na jibu.

Nani anafaa

Wanaofaa ni wa aina chache. Yupo mwenye maumivu yasiyo na sababu inayoonekana. Yupo ambaye bega limekaza na mazoezi ya miezi sita hayajasaidia. Yupo anayeshukiwa plastiki ya kikombe cha bega imelegea ila picha haitoi jibu la uhakika. Wengine kano za juu ya bega zimechanika, kano ya misuli ya mbele ya mkono (biseps) inawasumbua, au kipande cha saruji ya mifupa kinaelea ndani ya kiungo.

Wasiofaa ni muhimu zaidi kuwatambua. Kichwa cha chuma kilichokuwa kikubwa mno tangu siku ya kwanza hakitapungua kwa kukata mfuko wa kiungo. Shina, yaani chuma kilichozama ndani ya mfupa wa mkono, lililowekwa likiangalia upande usio wake, bega linalochomoka mara kwa mara, mfupa uliovunjika kandokando ya shina: hayo yote ni ya upasuaji wa wazi. Mwenye usaha unaotoka, homa na bega jekundu naye asioshwe kwa matundu tu. Bakteria hujenga utando juu ya chuma na plastiki, na maji hupita juu ya utando huo bila kuutoa. Huyo anahitaji kufunguliwa, kusafishwa kwa mkono, na vipande vinavyobadilishika kubadilishwa.

Wiki mbili kabla

Anza na faili la upasuaji wa kwanza. Wagonjwa wengi wa Kaskazini wanaofika na bega bandia waliwekewa kwingine, kwa hiyo mtume ndugu atafute muhtasari wa upasuaji na zile stika za kiungo bandia ambazo hubandikwa kwenye faili. Bila stika hujui ukubwa wa kichwa, hujui kikombe ni plastiki tupu au kina bamba la chuma nyuma, na hujui bisibisi gani inafungua skrubu zake.

Jua pia ni bega la aina gani, maana ziko tatu: la nusu, lenye kichwa cha chuma tu; kamili la kawaida, lenye kichwa cha chuma na kikombe cha plastiki; na la kugeuzwa, ambalo tufe liko upande wa bapa la bega na kikombe kiko juu ya mkono. Hili la tatu ni muundo wa Paul Grammont wa Ufaransa wa mwaka 1985, nalo huingiliwa kwa njia tofauti, kama tutakavyoona.

Piga eksirei mpya za pande mbili na picha ya CT. Pima CRP na ESR, vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, lakini majibu mazuri yasikutulize. Bakteria anayeongoza kwenye mabega bandia ni Cutibacterium acnes, mkazi wa vinyweleo na tezi za mafuta za ngozi ya bega na kwapa, zaidi kwa wanaume. Anakua polepole, haleti homa, haleti usaha, na damu mara nyingi haimwonyeshi. Anacholeta ni maumivu na kukaza, yaani malalamiko yale yale ya mgonjwa asiye na maambukizi. Maji yanayovutwa kwa sindano nayo humkosa mara nyingi. Ndiyo maana kinyama kilichokatwa kwa macho ya kamera kina thamani kubwa hivi.

Halafu swali la dawa. Mgonjwa aache antibayotiki siku 14 kamili kabla ya upasuaji, isipokuwa hali yake ni mbaya kiasi cha kutoweza kungoja. Usiulize, “Unatumia antibayotiki?” maana wengi watajibu hapana kwa moyo mweupe. Uliza hivi: “Mama, tangu mwezi uliopita umenunua dawa gani dukani? Ulimeza azuma? Ulichomwa sindano yoyote?” Vidonge vitatu vya azuma (azithromycin, nayo ni antibayotiki) vya mafua vinaweza kufanya maabara isioteshe chochote, na mgonjwa akaambiwa hana maambukizi wakati anayo.

Ngozi iandaliwe nyumbani. Jeli ya benzoyl peroxide ya 5%, ile ya chunusi, ipakwe begani na kwapani asubuhi na jioni kwa siku tatu kabla, hupunguza C. acnes kuliko sabuni ya kawaida. Mgonjwa asinyoe kwapa kwa wembe. Siku yenyewe, paka chlorhexidine ya 2% iliyo kwenye spiriti ya 70% na uiache ikauke kabisa. Hata hivyo bakteria walio ndani ya vinyweleo hubaki, kwa hiyo kisu kilichokata ngozi kiwekwe pembeni, kisirudi ndani.

Kumlaza, usingizi na maji

Mkao wa kuketi nusu, mgongo ukiwa nyuzi 60 hadi 70, unafaa zaidi, kwa sababu ikibidi kufungua bega hubadilishi chochote. Hatari yake iko kichwani. Ubongo ukiwa sentimita 30 juu ya moyo, presha inayoufikia ni pungufu kwa takriban 23 mmHg kuliko inayosomwa mkononi. Mashine ikionyesha wastani wa 70, ubongo unapata kama 47. Mtaalamu wa usingizi asishushe presha ili daktari aone vizuri, na mkanda wa presha usifungwe mguuni. Ganzi ya shingoni inasaidia sana kwa maumivu, ila karibu kila mara hulaza kwa muda nusu ya kiwambo cha kupumulia upande huo. Mgonjwa mwenye mapafu mabovu apate njia nyingine.

Maji ya chumvi ya 0.9%, mifuko ya lita 3, iwepo minne hadi sita. Kama hakuna pampu, uzito wa maji unatosha: kila sentimita 30 za urefu hutoa takriban 22 mmHg. Tundika mfuko sentimita 70 juu ya bega upate kama 50 mmHg. Pima kwa utepe, usikadirie kwa jicho, kwa sababu meza ikiinuliwa katikati ya kazi presha ya maji inashuka na damu inaziba kamera. Miligramu 1 ya adrenalini kwenye kila mfuko wa lita 3 hupunguza damu, mtaalamu wa usingizi akikubali. Damu ikizidi, kabla ya kupandisha mfuko angalia matundu: maji yanayochuruzika ovyo kupitia tundu lisilo na kanula (mrija wa kupitishia vifaa) huvuta damu kutoka kwenye vimishipa. Weka kidole juu ya tundu hilo, mara nyingi picha hurudi safi ndani ya nusu dakika.

Mnara wa kamera uunganishwe kwenye betri ya akiba. Umeme ukikatika, sekunde chache kabla jenereta haijashika ni nyingi ukiwa na kifaa kinachozunguka karibu na chuma.

Kuingia

Tundu la nyuma la kawaida huwa sentimita 2 chini na 1 ndani ya kona ya nyuma ya ncha ya bega. Kwenye bega bandia sogea juu kidogo, ili kamera ipite juu ya kichwa cha chuma na isikigonge. Tumia troka (chuma cha kutangulizia kamera) butu, usitumie kali kamwe. Chuma kikikwaruzwa, kila mzunguko wa mkono utasaga plastiki, na unga wa plastiki ndio unaokula mfupa polepole. Tundu la mbele lipite nje ya ncha ya korakoidi (kijidole cha mfupa kilicho mbele ya bega), sio ndani yake: upande wa ndani kuna neva na mshipa mkuu wa mkono. Tanguliza sindano ndefu, uone ilikotokea, ndipo ukate. Kanula ziwe za plastiki.

Kamera ya kawaida ni milimita 4 yenye pembe ya nyuzi 30. Ya nyuzi 70 iwe mezani, utaihitaji kuangalia chini.

Kinachochanganya watu zaidi ni kioo. Kichwa cha chuma kimesuguliwa hadi kinang'aa, na ukiingia unaona bega mbili: la kweli, na taswira yake ndani ya chuma. Punguza mwanga wa kamera kwanza, usiuache kwenye kiwango cha bega la kawaida. Kisha ingiza ndoano. Utaona ndoano mbili zikija kuelekeana. Isogeze taratibu hadi ncha zikutane; pale zilipogusana ndipo ulipo uso wa chuma. Upande mmoja wa mstari huo ni mwili wa mgonjwa, upande wa pili ni picha tu. Rudia jaribio hili kila unapopotea, na hakuna kukata chochote kabla hujalifanya. Ukizoea, kioo hicho hicho kinakuwa msaada: kinaonyesha nyuma ya kichwa, mahali kamera haifiki.

Vinyama: fanya hiki kwanza

Kabla ya kusafisha, kabla ya kifaa cha joto, kabla ya sheva (kifaa kinachozunguka cha kunyoa nyama). Maji yanayopita muda mrefu huosha bakteria, na joto huua kile unachotafuta. Kama kuna majimaji, vuta kwa sindano kavu kabla ya kufungua mfuko wa maji. Timu nyingine hutoa antibayotiki ya cefazolin gramu 2 kabla ya kukata ngozi kama kawaida. Sisi tunashauri, pale ambapo lengo ni kujua, iandaliwe kwenye sindano na itolewe dakika ile kinyama cha mwisho kinapotoka. Iandikwe ubaoni nani ataitoa, isije ikasahauliwa.

Chukua vinyama sita, kila kimoja ukubwa wa punje ya mahindi: sehemu ya mbele ya mfuko, ya nyuma, mfuko wa chini, utando unaozunguka ukingo wa kikombe, pembeni mwa shina, na popote palipo pabaya kwa macho. Vipite ndani ya kanula ili visiguse ngozi. Kila kinyama na koleo lake safi.  Chupa sita tofauti, zimeandikwa mahali kilipotoka, sio namba tu. Chupa ya saba ifunguliwe mezani muda wote bila kuwekwa nyama, ikafungwe na kupelekwa kama nyingine: ikiota kitu, unajua chumba au maabara ndiyo yenye shida. Pamba za kufuta hazifai, hukosa bakteria wengi.

Vitano viende kuoteshwa, kwa hewa na bila hewa, siku 14. Sisitiza 14 kwa maandishi kwenye fomu, na zaidi ya hapo mpigie simu mtu wa maabara, kwa sababu utaratibu wa kawaida hutupa sahani baada ya siku chache na C. acnes huwa bado hajaonekana. Cha sita kigawanywe: nusu patholojia ikaangaliwe kwa hadubini, nusu kipimo cha GeneXpert kwa kifua kikuu. Huku kwetu kifua kikuu cha viungo kipo, na historia yenyewe inakumbusha: bega bandia la kwanza, aliloweka Jules-Émile Péan jijini Paris mwaka 1893, liliwekwa kwa mgonjwa wa kifua kikuu cha bega, likaja kutolewa miaka kama miwili baadaye kwa sababu ya maambukizi.

Vinyama vifike maabara ndani ya saa mbili. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, na barabara ile ikiwa na foleni saa mbili zinaisha njiani. Kama maabara iko mji mwingine, panga upasuaji asubuhi na dereva awe amekwisha kujua.

Kuangalia kwa mpangilio

Zunguka kwa njia moja kila mara: kano ya mbele ya bega (subscapularis), kano za juu, ukingo wa kikombe mzima, mfuko wa chini, nyuma. Kwenye kikombe cha plastiki, bonyeza ukingo wa juu na ndoano, kisha wa chini. Kikombe kilicholegea hucheza, na maji au vipovu hutoka chini yake. Angalia na kano za juu papo hapo, kwa sababu mambo haya mawili huambatana: kano zikichanika kichwa hupanda, kinakandamiza ukingo wa juu wa plastiki, ukingo wa chini unainuka, na kila mwendo wa mkono unazidi kuutikisa.

Kulegeza bega lililokaza

Kabla ya kukata, pima mikunjo mgonjwa akiwa amelala usingizi na uandike nyuzi. Usilazimishe mkono kwa nguvu ati uchane makovu: shina la chuma ni gumu, mfupa chini yake sio, na mkono ukizungushwa kwa nguvu mfupa huvunjika chini ya ncha ya shina.

Anza mbele, kwenye pengo lililo kati ya kano ya mbele na ya juu. Ondoa kovu hadi uone mzizi wa korakoidi. Kisha tenganisha mfuko wa mbele na mgongo wa kano ya mbele. Kano hiyo ilikatwa na kushonwa siku bega lilipobadilishwa. Ukiikata tena, mgonjwa atapata mkono unaozunguka nje vizuri na bega linaloteleza mbele. Ukishindwa kutofautisha kovu na kano, zungusha mkono: kano inasogea na mkono, mfuko haufuati kwa namna hiyo.

Chini ndipo neva ya kwapa inapopita, karibu sana na mfuko. Kaa kwenye ukingo wa kikombe, tumia mkasi wa kung'ata, weka kifaa cha joto pembeni, na ung'ate kidogokidogo. Msuli wa bega ukishtuka, simama. Nyuma, hamishia kamera mbele na ukate mfuko ukiwa na tundu la nyuma kama mlango wa kazi. Muda wote huo plastiki iko milimita chache kutoka kwenye mkasi, na ni laini, huchanika kama kucha. Kifaa cha joto kisiguse chuma kabisa, na sheva igeuziwe mgongo upande wa chuma.

Pima tena mwishoni na uandike. Mgonjwa ataambiwa namba mbili, ya kabla na ya baada, nazo ndizo atakazozilinda kwa mazoezi.

Kutoa kikombe kilicholegea, na mengine

Kikombe cha plastiki tupu kinaweza kutoka bila kufungua bega, kwa mgonjwa mzee asiyehitaji nguvu nyingi au kama hatua ya kwanza. Kikate kwa patasi ya milimita 10 vipande vitatu, panua tundu la mbele hadi sentimita 2, vuta kimoja kimoja kwa koleo imara, na vihesabiwe mezani vikiunganishwa kama chungu kilichovunjika hadi uone hakuna kilichobaki ndani. Utando uliokuwa chini yake ni kinyama bora kuliko vyote, usiutupe. Chenye bamba la chuma usijaribu kwa njia hii.

Kukata au kushikiza kano ya misuli ya mbele ya mkono ni kazi fupi, haitofautiani sana na bega la kawaida. Kushona kano za juu juu ya kichwa cha chuma kunawezekana, lakini matokeo yake si ya kutegemea, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema.

Kwenye bega la kugeuzwa, tundu la nyuma la kawaida linakupeleka moja kwa moja kwenye tufe. Ingia kupitia nafasi iliyo chini ya ncha ya bega, kwa sababu mara nyingi kano za juu huwa hazipo, na nafasi hiyo na ya kiungo huwa ni moja. Kazi zinazofaa ni vinyama, makovu na vipande vinavyoelea. Mgonjwa mwenye maumivu juu kabisa ya ncha ya bega abonyezwe hapo kwanza na apigwe CT: ncha hiyo hupata nyufa kwa kuvutwa na msuli, na kamera haina la kufanya.

Siku zinazofuata

Maji ya rangi ya waridi yatalowesha bandeji saa 24 za kwanza. Ndugu waambiwe mapema wasishtuke. Nyuzi za kushonea zitoke siku ya 10 hadi 12. Tundu linaloendelea kutoa maji baada ya siku tano, homa, au ganzi upande wa nje wa bega ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo.

Aliyelegezwa bega aanze mazoezi kesho yake asubuhi, ganzi ikiwa bado inamsaidia: mkono kuning'inia na kuzungushwa, kusukumwa nje kwa fimbo, na kuinuliwa kwa kamba iliyopitishwa juu ya boriti, mara nne kwa siku, dakika kumi kila mara. Mkono mzima ndio unaovuta, uliopasuliwa unafuata. Aliyeshonwa kano haruhusiwi hayo hadi wiki sita. Na kwa akina mama wa Kibosho na Machame, kutowabebesha uzito kunamaanisha hasa kutobeba mkungu wa ndizi wala mzigo wa majani ya ng'ombe kwa miezi mitatu, na hilo aambiwe pia kijana wa nyumbani atakayebeba badala yake.

Siku ya 15 majibu ya maabara yasomwe na daktari aliyepasua. Vinyama viwili au zaidi vyenye bakteria wale wale ni maambukizi hadi ithibitike vinginevyo, na mgonjwa aitwe kupanga kubadilisha kiungo. Kimoja kati ya vitano, patholojia ikiwa safi na chupa ya saba ikiwa tupu, kijadiliwe na timu nzima kabla ya kuandika dawa. Nakala ya majibu, nyuzi za mikunjo za kabla na baada, na stika za kiungo viwekwe kwenye bahasha moja, na bahasha hiyo aondoke nayo mgonjwa.